Hawakuniibia Lusaka

Nsia mwanangu,

Nimekaa muda mrefu nikitafuta salamu ya kuanzia, mwisho nikaona haina maana kumsalimu kwa kalamu mtu niliyekunywa naye chai asubuhi. Umetoka hapa saa nne kwenda Mwika kumuaga shangazi yako, umesema utarudi kabla giza halijaingia. Mama yako ameshuka Moshi mjini kukutafutia soksi na dawa ya kuchua. Nimebaki na ng'ombe tu, na nimeamua kuandika kwa sababu kusema kumenishinda. Juzi tulipokuwa tunakata majani kule chini ya kihamba, shamba letu la migomba, nilianza. Nilisema, "Nsia, kuhusu ile habari ya Lusaka." Ukaniangalia, ukasema, "Baba, usijali, naijua yote." Nikafunga mzigo wangu wa majani nikapanda nao nyumbani. Leo asubuhi nilijaribu tena, simu yako ikalia.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala baridi ya huko mnakokwenda mkitoka kambini Dar, wala chakula cha hotelini. Mama yako amekuandikia karatasi nzima na naona ameipiga mstari kwa wino mwekundu. Mimi nina jambo moja, na hilo moja lenyewe sijui nilishike upande gani.

Naijua yote, ulisema. Hapana, mama. Huijui, na kosa si lako. (Nakuita mama hata kwenye karatasi, kwa vile jina ulilobeba ni la mama yangu, na nikikuita vinginevyo mkono unakataa.)

Jumapili iliyopita mwinjilisti alikusimamisha mbele ya usharika. Akasema, "Binti yetu huyu anakwenda kuwakilisha taifa. Na mnakumbuka, wazee mnaokumbuka, baba yake aliibiwa ushindi wake kule Lusaka. Sasa Mungu amemwinua mtoto akaurudishe." Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Ukainamisha kichwa, halafu ukaniangalia pale benchi la tatu nilipokaa, kama mtu anayesema, umesikia? Nikafungua kitabu cha nyimbo nikajifanya natafuta namba. Baada ya ibada watu walinishika mkono mmoja mmoja. Sikula vizuri siku ile, mama yako akadhani ni malaria.

Hawakuniibia Lusaka, Nsia. Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka, nikaenda kumpa ng'ombe maji, nikarudi, bado ipo. Sijawahi kuiandika wala kuitamka kwa sauti mbele ya mtu.

Nikueleze ilivyokuwa, ingawa hata mimi nikifika mahali fulani katikati napotea, na utanisamehe nikipotea.

Nilikuwa na umri kama wako, labda nikikuzidi mwaka mmoja au miwili. Nilikuwa nimeshuka kutoka hapa Masama kwenda kufanya kazi kwenye karakana ya seremala pale Majengo, Moshi, na jioni nilifanya mazoezi ya ngumi kwa Mwalimu Hamisi. Hukumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyezungumza polepole kama anayepima kila neno, na alitufundisha kwenye ukumbi uliokuwa na gunia moja la pumba za mbao nililolijaza mimi mwenyewe kutoka karakanani. Alfajiri tulikimbia msitu wa Rau. Nilikuwa natumia mkono wa kushoto, kama ujuavyo, na watu wengi hawakujua la kufanya na mtu wa kushoto. Nilishinda mkoa, nikashinda taifa, nikaitwa kambini, na mwaka huo tukapelekwa Lusaka kwenye mashindano ya nchi nyingi za Afrika. Sikuwa nimewahi kuona ndege kwa karibu. Mama yangu alinifungia ndizi za kuchoma kwenye kitambaa, nikazila zote kabla hatujaruka.

Nilishinda pambano la kwanza. La pili lilikuwa robo fainali, na wewe unajua maana ya robo fainali kwenye ngumi za ridhaa: ukishinda hapo una uhakika wa medali hata ukipigwa kesho yake. Mpinzani wangu alikuwa Mkenya, kijana anaitwa Mutua. Tulipokutana kwenye kupima uzito tulisalimiana kwa Kiswahili, tukacheka kwamba tumesafiri mbali kiasi hicho kuja kupigana jirani na jirani.

Wakati ule tulicheza raundi nne za dakika mbili mbili. Majaji walikuwa wanabonyeza vitufe na pointi zinahesabiwa na mashine. Baada ya raundi mbili nilikuwa mbele kwa pointi tano. Mwalimu Hamisi aliniambia kwenye kona, "Yuko wazi mbavuni. Mpe ya chini, atajikunja." Raundi ya tatu nikampa ya chini. Ilikuwa ngumi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, bado naihisi kwenye bega. Mutua hakuanguka. Alijikunja, akanishikilia, akaweka kidevu chake begani kwangu, na akasema kitu.

Hapo ndipo ninapopotea.

Alikuwa na kinga ya meno mdomoni, mimi nilikuwa na kofia ya kinga masikioni, ukumbi unapiga kelele. Nilisikia sauti, sikusikia neno. Mwamuzi akatutenganisha. Nilimwona Mutua macho yake yameenda mbali, mikono yake iko kiunoni. Raundi ilikuwa haijafika nusu. Mwalimu alipiga kelele, "Mfuate! Mfuate!" Miguu yangu ilimfuata, Nsia. Nilimzunguka ulingo mzima. Mikono haikutoka. Nilirusha ngumi mbili tatu za kugusagusa hewani, za kumridhisha mwamuzi, mpaka kengele ikalia.

Kwenye kona Mwalimu alinimwagia maji kifuani. Akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Basi nenda kammalize."

Raundi ya nne Mutua alirudi amepumua. Alinipiga. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alinipiga safi, usoni, ngumi za kuhesabika, na mimi nilikuwa kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nilishindwa kwa pointi mbili. Mwamuzi aliinua mkono wa Mutua, na ulistahili kuinuliwa. Majaji walibonyeza walichokiona. Hata mama yangu angekuwa amekaa pale na kitufe angebonyeza hivyo hivyo.

Mwalimu Hamisi alilalamika mezani, kama makocha wote wanavyolalamika. Alisema tumeibiwa. Viongozi wetu nao wakasema tumeibiwa, na mtangazaji mmoja aliyekuwa ameongozana nasi akapeleka habari redioni kwamba Mtanzania kaibiwa. Kwenye basi la kurudi hotelini Mwalimu alikaa pembeni yangu. Hakuniangalia. Alisema, "Mimi nitasema tumeibiwa, ndiyo kazi yangu. Wewe nyamaza tu. Siku ukiwa tayari kuniambia ulichokiona, uniambie." Amekufa sijamwambia. Nilimwuguza siku mbili hospitalini Moshi, nikamlisha uji kwa kijiko, na sikumwambia. Hakuuliza tena.

Nilipofika hapa nyumbani redio ilikuwa imenitangulia. Bibi yako na wanawake wa ukoo walikuwa wamepika mtori, wazee wana pombe yao ya mbege, na baba yako mkubwa ameandaa hotuba. Mama yangu alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Pole mwanangu, wamekuibia." Nikasema, "Ndiyo, mama." Maneno mawili. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kula.

Nimejiuliza mara nyingi kama kuna siku nyingine ningeweza kurudi nyuma. Siku ya pili ingewezekana. Labda hata wiki ya pili. Lakini ukishalala na kitu nyumba moja kwa mwezi, kinakuwa mwenyeji. Sikuitwa tena kambini, nikarudi kwenye useremala, baadaye nikaanza kubeba mizigo ya wageni mlimani, na huko nako habari ilinifaa. Waongozaji walinitambulisha kwa wageni: huyu mpagazi wetu alikuwa bondia wa taifa, wakamwibia. Wageni walinihurumia. Nilipata safari nyingi kuliko wenzangu wenye nguvu kunizidi. Ulipozaliwa habari ilikuwa imeshakuwa samani ya nyumba hii, na wewe uliikuta kama ulivyoikuta meza.

Sasa utaniuliza kwa nini mikono haikutoka. Ndilo swali la haki, na mimi baba yako nakwambia kwamba sijui.

Kuna siku naamini ilikuwa huruma. Nilimwona mwenzangu ameumia, kasema kitu begani kwangu, nikashindwa kumwongezea. Siku hizo huwa natembea vizuri, hata kanisani naimba.

Kuna siku naamini ilikuwa njaa. Nilikuwa nimekata kilo tatu ili nifikishe uzito, siku mbili sikula chochote zaidi ya machungwa, na huenda mwili ulikuwa umekwisha tu.

Na kuna siku nakumbuka jambo jingine, ambalo sijawahi kumweleza yeyote. Siku moja kabla ya pambano langu nilikaa jukwaani nikamwangalia bondia wa uzito wetu, jitu moja lenye mabega kama mlango, akicheza robo fainali yake. Alimpiga mtu raundi ya kwanza mpaka wakamtoa kwa machela. Mguu wa yule mtu ulikuwa unachezacheza. Nikaangalia karatasi ya ratiba. Mshindi kati yangu na Mutua ndiye angekutana naye nusu fainali. Nilikunja ile karatasi nikaiweka mfukoni. Sasa niambie, Nsia. Mutua alipojikunja, je, nilimwona Mutua, au niliona ule mguu? Nimejiuliza miaka ishirini na zaidi. Siku zingine nina hakika kabisa ni hiki, kesho yake nina hakika kabisa ni kile.

Unakumbuka ile safari yangu ya Tarakea kule mpakani, miaka mitatu iliyopita, nilipokwenda kutafuta ndama nikarudi bila ndama? Mama yako alinigombeza wiki nzima. Sababu ni hii. Nilikuwa napita sokoni, kuna mtu anauza ndoo na mabeseni ya plastiki, amepanga mlima mzima. Akaniangalia, nikamwangalia. Akasema, "Si wewe ni yule wa mkono wa kushoto?"

Alikuwa Mutua. Amenenepa, ana mvi, anaishi upande wa pili wa mpaka na huleta bidhaa zake siku za soko. Alimwachia mwenzake ndoo, akanivuta kwenye banda la chai, akaagiza chapati na maharage bila kuniuliza. Alifurahi mno kuniona.

Tuliongea habari za watoto, za bei ya kahawa, za magoti. Halafu nikamwuliza. Nilisema, "Mutua, raundi ya tatu, nilipokupiga ile ya mbavu, ukanishikilia. Uliniambia nini?"

Akaacha kutafuna. "Mimi?"

"Wewe. Ulisema kitu hapa begani."

"Hapana, kaka," akasema. "Mimi nilikuwa sina hata pumzi ya kumeza mate. Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema pole." Akacheka. "Nimewaambia watu hadithi hiyo miaka yote. Mtanzania alinipiga ngumi ya kuua, halafu akaniambia pole."

Nilimwambia sikusema. Akaniambia nilisema. Tulibishana pale kwenye chai kama watoto. Sikumbuki kusema pole, Nsia, na sidhani mtu mwenye kinga ya meno anaweza kusema pole ikasikika. Lakini yeye anakumbuka, na mimi nakumbuka sauti tu. Inawezekana sauti niliyoisikia miaka yote hiyo ilikuwa yangu mwenyewe.

Ilinibidi kuinama karibu wakati wa kuongea kwa sababu alikuwa ananigeuzia upande mmoja. Nikamwuliza kuhusu sikio. Akasema, "Hili halisikii tangu ile nusu fainali. Yule jamaa alinimaliza raundi ya kwanza." Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda stendi. Medali yake ya shaba ilimpatia kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja, akaoa, akasomesha. Hakuwa na uchungu wowote.

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilitaka kumwambia, mimi nilikuachia lile pambano. Nilikwenda Tarakea na neno hilo bila kujua kwamba nimelibeba. Kabla sijalitoa, yeye akanigonga bega, akasema, "Lakini wewe ulikuwa hatari. Raundi ya nne nilipanda kutoka kaburini kukupiga. Hiyo ndiyo raundi bora ya maisha yangu. Watoto wangu wanaijua ngumi kwa ngumi."

Nikanywa chai. Ningemwambia nini? Huyu mtu ana raundi moja maishani, ameilipia kwa sikio, na mimi nije niseme ilikuwa yangu? Ningekuwa mwizi kweli, na kungekuwa hakuna jaji wa kulaumiwa. Nikasema, "Ulipiga vizuri, Mutua." Na alipiga vizuri. Ni jambo la kweli pekee nililosema kuhusu Lusaka mpaka leo hii ninapokuandikia.

Tuliagana. Nilisahau ndama.

Sasa nafika kwenye kosa ambalo ndilo limenikalisha hapa, na Lusaka yote ni njia tu ya kulifikia.

Unakumbuka nilivyokukatalia ngumi. Ulikuwa unasoma Moshi, ukawa unatoroka jioni kwenda ukumbini, na mtu mmoja wa hapa kijijini akanipa habari. Nilipanda gari nikashuka kwenda kukutoa kwa nguvu. Sikukutoa. Nilisimama dirishani, na ulikuwa unapigana na kijana mrefu kuliko wewe, ukarudi nyuma hatua moja, ukamwacha apite, ukampiga. Hakuna aliyekufundisha hatua ile. Nilisimama mpaka mazoezi yakaisha, nikarudi nyumbani bila kukusalimu, na mama yako aliponiuliza nikasema sikukukuta. Mwaka mzima nilijua na nilijifanya sijui. Huo nao ni uongo, uongeze kwenye hesabu.

Halafu mwaka jana ukapoteza lile pambano la Dar, kwenye ubingwa wa taifa. Ulinipigia simu ukiwa bado na bandeji mikononi, nilisikia unavyoishika simu vibaya. Ulikuwa unalia. Ukasema, "Baba, wameniibia. Wameniibia kama walivyokuibia wewe."

Rafiki yako alikuwa ameshanitumia video. Nilikuwa nimeiangalia mara nne kabla hujapiga. Hawakukuibia, mama. Kila ukipiga mkono wa kulia, unaurudisha chini, usawa wa kifua, na yule binti wa Dar alikuwa ameshaona. Alisubiri mkono ushuke, akapiga juu yake. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Niliona kila kitu. Mimi niliyekaa na Mwalimu Hamisi miaka sita niliona kabla yule binti hajapiga.

Nikakwambia, "Ndiyo, mama. Wamekuibia."

Nilisema kwa sababu ulikuwa unalia. Na kwa sababu ningesema hawakukuibia, ungeniuliza nimejuaje, na hapo ningesimama wapi? Niliona tukiwa wawili ni rahisi zaidi. Baba aliyeibiwa na binti aliyeibiwa. Ulinyamaza kulia, ukasema asante baba.

Wiki iliyopita nilishuka Moshi kukuona ukifanya mazoezi ya mwisho. Mkono bado unashuka. Mwaka mzima, Nsia. Mwalimu wako amekwambia, nimemsikia akikwambia, na wewe ukajibu kwamba mkono hauna tatizo, majaji ndio wenye tatizo. Uliongea kwa sauti yangu. Nilikuwa nimesimama pale nyuma ya magunia na nilijisikia nikiongea.

Huko unakokwenda hutakutana na binti wa Dar. Utakutana na watu waliofundishwa kutafuta mkono unaoshuka tangu wakiwa watoto. Nimemwona Mutua na sikio lake. Kofia ya kinga alikuwa ameivaa.

Kwa hiyo nakwambia kama bondia mzee: mkono wako wa kulia unarudi chini. Ulete shavuni. Ulete shavuni hata ukichoka, hasa ukichoka. Hilo ndilo ningekwambia kwenye simu siku ile. Na nakwambia kama baba, ingawa hapa sina uhakika: usiende kunirudishia chochote. Hakuna kitu changu huko. Hakuna mtu aliyekichukua. Mwinjilisti ametoa neno zuri kwa habari aliyopewa, na habari hiyo nilimpa mimi kwa kunyamaza. Ukipanda ulingoni uwe unampiga huyo aliye mbele yako, ambaye naye kaaga nyumbani kwao, usimtafute jaji wa zamani ambaye hata hakunikosea.

Nimesoma tena niliyoandika, na naona woga wangu umejitokeza kila mahali. Sijui kama barua hii itakusaidia au itakuvunja. Mtu anaposafiri kwenda pambano kubwa la kwanza haongezewi mzigo, mwalimu yeyote atakwambia hivyo. Nilifikiri nisubiri urudi. Halafu nikafikiri, ukirudi umeshinda, nitajiambia, ya nini kukuharibia furaha. Ukirudi umeshindwa, watu watakuwa wameshasema umeibiwa, na nitakaa benchi la tatu nikitafuta namba ya wimbo. Najijua. Nimekuwa nikisubiri wakati mzuri tangu kabla hujazaliwa.

Nimeacha kuandika kidogo, mama yako amerudi kutoka mjini. Amenikuta na kalamu, akashtuka, maana mimi na kalamu hatujuani. Nikamwambia. Nilisimama pale mlangoni pa jikoni nikamwambia kwa maneno machache kwamba sikuibiwa Lusaka. Alikuwa anapanga soksi zako mezani, hakuacha kupanga.

Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu tulipooana. Mtu aliyeibiwa hulalamika. Wewe sijakusikia hata siku moja. Ni watu ndio wanaokulalamikia, wewe unaangalia chini."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema alikuwa ananisubiri mimi, na kwamba baada ya miaka kadhaa alichoka kusubiri akaendelea na maisha. Halafu akaniuliza lile swali lako, kwa nini nilifanya vile, ilikuwa huruma au woga. Nikasema sijui. Akasema, "Basi mwambie hujui. Usimtengenezee."

Ndiyo maana sikutengeneza. Ningeweza kukuandikia kwamba baba yako alikuwa na huruma, na ungenipenda zaidi, na ingekuwa nusu ya uongo au uongo mzima, hata mimi sina kipimo. Umenikuta sina jibu, na nakuandikia nikiwa hivyo hivyo sina.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako uikute Dar. Nimebadili. Nitakupa mkononi jioni hii, kabla hatujala, na nitakaa hapo mezani wakati unasoma. Ukikasirika, kasirika hapa nikuone. Ukitaka kwenda nje kutembea kihambani peke yako, nenda, chakula kitasubiri. Kesho gari linaondoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi na nitakusindikiza hata kama hutaki kuongea nami. Usiharakishe kunisamehe ili tu uondoke vizuri. Una muda.

Kuhusu watu wa usharika, nitazungumza na mwinjilisti mwenyewe wiki hii. Sijui nitaanzaje.

Nakusikia. Umefika, unaongea na mama yako huko bandani, unamweleza jinsi shangazi alivyokulisha mpaka ukashindwa kuinuka, na unacheka. Ngoja niweke kalamu chini nije nikuite.

Ni mimi,
Baba yako